Dawa ya nyumbani: vitu vinne tu, kwa nini haifiki ile ya baa?

#1 Mchanganyaji_Kinondoni
Wakuu, habari za Jumamosi.

Kuna jambo linanikera. Nazungumzia dawa, ile kokteli ya vodka, ndimu, sukari na asali, siyo ile ya mafua. Hoteli za ufukweni wanatoza elfu kumi na tano na kuendelea kwa glasi. Nikapiga hesabu: ndimu ni hela ndogo, asali na sukari vipo kabatini, barafu ipo, na mzinga wa 750 unatoa glasi kumi na mbili ukipima mililita 60. Kwa nini niendelee kuwatajirisha?

Sasa ya kwangu inaanza kwa ukali, katikati inakuja na uchungu, na mwisho nakuta asali imekaa chini imeganda kama gundi. Ya baa inateleza tu.

Ninavyofanya: ndimu moja nakata vipande vinane na maganda yake, sukari vijiko viwili vya chai, asali kijiko kimoja, naponda kwa mchi wa kile kinu kidogo cha kitunguu saumu, namimina vodka kwa makisio, barafu vipande vitatu. Wajuzi, shida iko wapi?

#2 KauntaYaNyuma
"Vodka kwa makisio." Uzi ufungwe.

#3 Mpemba_Asiyekunywa
Mchi wa kitunguu saumu halafu unauliza kwa nini ladha haiji? Hiyo siyo kokteli mkuu, hiyo ni achari.

#4 KauntaYaNyuma
Natania. Nimesimama kaunta miaka mingi Arusha, hoteli ya watalii, ngoja nimsaidie mleta uzi.

Tatizo lako la kwanza ni asali. Asali haiyeyuki kwenye kitu cha baridi. Ukiitia kwenye barafu inakakamaa, inazama, na wewe unakunywa vodka na ndimu peke yake hadi unafika chini ndipo unakutana na utamu wote mahali pamoja. Baa nyingi hawatumii asali kavu. Wanatengeneza shira: asali kikombe kimoja, maji ya moto kikombe kimoja, unakoroga hadi viwe kitu kimoja, unaacha ipoe, unaweka kwenye chupa safi ndani ya friji. Wiki nzima unatumia.

Vipimo: vodka 50, maji ya ndimu 25, shira ya asali 20. Kijiko cha chakula ni mililita 15 na cha chai ni 5, kwa hiyo usiseme huna kipimo. Tia kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko, jaza barafu, tikisa hadi chupa ikuume mikono, chuja kwenye glasi yenye barafu mpya.

#5 Msee_wa_Langata
Nyinyi Wabongo mmeanza tena kuharibu vitu vya watu. Shira? Kutikisa? Hiyo si dawa, hiyo ni juice ya harusi.

Dawa ni ya kwetu Nairobi, Carnivore pale Lang'ata, mkahawa uliofunguliwa 1980. Kwa miaka mingi Dokta Dawa alikuwa anapita meza kwa meza anakuchanganyia ukiona. Ndimu imepondwa na sukari ndani ya glasi, barafu iliyovunjwavunjwa, vodka, halafu kile kijiti cha mbao kilichozungushiwa asali nchani. Asali HAITAKIWI kuyeyuka yote mara moja bana. Unaanza na ukali, unaponda kidogo kwa kijiti, inakuwa tamu polepole, mwisho wa glasi si kama mwanzo wa glasi. Ndiyo maana wanakupa kijiti. Sasa Kaunta amekitoa kijiti, amebaki na nini?

#6 KauntaYaNyuma
#5 amebaki na kinywaji kinachonyweka.

Na tusisahau hiyo "ya kwenu" wazo lake limetoka Brazil. Ni caipirinha: kachasa (pombe kali ya miwa), ndimu, sukari, barafu. Wenzetu wameiandika hadi kwenye sheria ni nini kinaingia na nini hakiingii. Nairobi mkaondoa kachasa mkaweka vodka, mkachomeka kijiti cha asali.

#7 Msee_wa_Langata
Na chapati ilitoka India, lakini ukimuuliza mtu wa Mombasa atakwambia ni ya mama yake. Asali ndiyo ilifanya iwe dawa. Bila asali ni caipirinha ya vodka na hiyo ina jina lake tayari.

#8 Muheza_Ndimu
Wote wawili mmeruka kitu cha msingi. Ndimu.

Mapishi mengi ya mtandaoni yanasema "ndimu moja". Ndimu wanayozungumzia wao ni ile kubwa isiyo na mbegu, ganda nene, ambayo ukiikamua unapata kama mililita 30. Ndimu zetu za kienyeji ni ndogo, ganda jembamba, mbegu tele, lakini harufu na ukali wake haufanani na ile. Maji yake ni nusu au pungufu, kwa hiyo "moja" ya kwao siyo "moja" ya kwetu. Wengine ndiyo wanatumia limau kabisa halafu wanalaumu vodka.

Pili, uchungu wa katikati anaoulalamikia mleta mada. Umekata vipande vinane na maganda, halafu umetwanga kama kisamvu. Ile nyama nyeupe chini ya ganda ni chungu, na ukiitwanga unaikamua yote ndani ya glasi. Kata ndimu vipande vinne tu, toa ule uzi mweupe wa katikati na mbegu, bonyeza taratibu. Unataka maji na mafuta ya ganda la nje. Ndimu haijakukosea kitu.

Na usikamue asubuhi ukanywa usiku. Maji ya ndimu yakilala yanabadilika.

#9 Mchanganyaji_Kinondoni
#8 asante sana. "Kama kisamvu" nimejiona kabisa.

#10 Dada_Vipimo
Hakuna aliyeuliza kuhusu barafu. Vipande vitatu? Mkuu, watu wanadhani barafu kidogo ndiyo haitapunguza ukali. Ni kinyume. Vipande vitatu kwenye kinywaji cha joto la Dar vinayeyuka dakika mbili, umebaki na maji ya uvuguvugu yenye pombe. Ukijaza glasi hadi juu, kinywaji kinapoa haraka na barafu inayeyuka taratibu.

Halafu kumbukeni maji ya barafu ni kiungo. Ukitikisa vizuri, robo ya ujazo wa mwanzo au hata zaidi inaongezeka kutokana na barafu iliyoyeyuka. Huo "ulaini" wa baa ni maji! Wanaokunywa bila kutikisa wala kukoroga wanakunywa kinywaji ambacho hakijakamilika. Kwa hiyo Kaunta ana hoja, na Msee naye ana hoja, maana barafu iliyovunjwa inayeyuka haraka na kufanya kazi hiyohiyo bila kutikisa. Weka barafu kwenye taulo safi la jikoni, piga kwa mchi. Mchi wa kisamvu, siyo wa kitunguu saumu.

#11 Friza_ya_Mama
Na hiyo barafu imelala wapi? Kama friza yako ni kama ya kwetu, trei ya barafu inakaa jirani na sato na vibua wa mwezi uliopita. Barafu inavuta harufu. Mimi niliwahi kumpa shemeji jini na tonik, akaniuliza kama nimeweka dagaa.

Mfuniko au mfuko uliofungwa vizuri, basi. Umeme ukikatika barafu ikayeyuka na kuganda tena, tupa utengeneze mpya.

#12 Mpemba_Asiyekunywa
Jini ya dagaa 😂😂 Nimeweka kambi uzi huu.

#13 Nyagi_Asilia
Mnazungumza vodka vodka, hivi Konyagi imewakosea nini? Dawa ya Konyagi ndiyo dawa ya Mtanzania. Bei nafuu, inapatikana hadi kijijini.

Ila kuna jambo. Konyagi ni asilimia 35 na vodka nyingi ni 40. Ukifuata vipimo vya vodka kinywaji kinakuwa chepesi na ndimu inatawala. Punguza ndimu kidogo, au ongeza Konyagi 10.

#14 KauntaYaNyuma
#13 hapo tunakubaliana. Na Konyagi ina ladha yake, vodka ni kimya. Mimi naiona iko katikati ya jini na ramu nyeupe. Kwa hiyo asali nyingi inagombana nayo. Konyagi inataka sukari, ndimu na tonik au bitalemon, kwisha.

#15 Nyagi_Asilia
Ni jini hiyo. Katikati ya jini na ramu ndiyo nini?

#16 Msee_wa_Langata
Ni Konyagi. Endeleeni 🍿

#17 Ankal_Houston
Nipo mbali lakini nimefuata. Huku nilipo ndimu ni zile kubwa za Meksiko na vodka si ghali, na bado dawa yangu haikuwa kama niliyokunywa nyumbani. Nadharia yangu ni sukari. Sukari ya Kilombero ina chembe kubwa na rangi ya kahawia kidogo, ina ladha ya miwa. Huku nyeupe haina kitu. Nilipoanza kununua sukari ya kahawia ladha ikasogea.

Ila chembe kubwa zina shida yake: pombe haiyeyushi sukari vizuri. Mkitia vodka kwanza, sukari itabaki inakwaruza meno hadi mwisho. Sukari na maji ya ndimu kwanza, koroga hadi iishe, ndipo pombe, ndipo barafu. Mpangilio ndiyo siri.

#18 Mchungu_Kwelikweli
Nadharia, nadharia. Niseme ukweli ambao bamedi hawatausema? Dawa ya baa ni laini kwa sababu ina vodka kidogo na sukari nyingi. Unalipia upepo wa bahari na kijiti. Mleta uzi anatia vodka ya watu wawili halafu anauliza kwa nini ni kali.

#19 KauntaYaNyuma
#18 kuna baa za hivyo, sikatai. Nilikofanya kazi tulipima mbele ya mteja.

#20 Mchungu_Kwelikweli
Wote husema hivyo.

#21 Nesi_wa_Zamu
Niongeze hesabu kwa wapenda makisio. Mililita 60 za vodka ya asilimia 40 zina mililita 24 za pombe halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Yaani dawa moja iliyopimwa ni sawa na bia moja nzima, ila inaingia kama juisi. Makisio ya mleta uzi yakifika 100, hiyo ni zaidi ya bia moja na nusu kwenye glasi moja. Dawa tatu za namna hiyo halafu mtu anasema "nimekunywa tatu tu, naendesha". Acha funguo nyumbani.

Na kwa wale wa dawa ya moto ya tangawizi, limau na asali: ni nzuri kwa koo, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Kuna vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvidhibiti.

#22 Babu_Tonik
Binti umenena vema. Ila nyinyi vijana mngeachana na mambo ya kuponda mkanywa jini na tonik, vitu viwili na kipande cha ndimu. Ina kwinini. Wazungu wa zamani walikunywa hiyo huko India kujikinga na malaria. Mimi sijaugua malaria siku nyingi.

#23 Nesi_wa_Zamu
Shikamoo babu. Kwinini imo kweli, ndiyo uchungu wake, na historia ya India ni kweli pia. Lakini tonik ya siku hizi ina kidogo mno. Marekani kwa mfano hawaruhusu kuzidi miligramu 83 kwa lita. Dozi moja ya kwinini ya kutibu mtu mzima ni kama miligramu 600, na alikuwa anameza mara tatu kwa siku kwa siku saba. Dozi moja tu ni lita saba na zaidi za tonik. Babu lala kwenye chandarua, na ukihisi homa kapime.

#24 Babu_Tonik
Marahaba. Lita saba nitakuwa nimelala kabla ya mbu kufika.

#25 Mpemba_Asiyekunywa
Sisi wa upande wa pili mnatuacha hivihivi? Nitoe changu. Juisi ya miwa ya Forodhani, pale Unguja, miwa inapita kwenye mashine na ndimu na tangawizi humo humo. Tamu, chachu, na kinachowasha koo. Hakuna pombe na sijaona kokteli inayoishinda.

Nyumbani bila mashine: rozela iliyochemshwa na mdalasini, ikipoa tia ndimu, shira ya asali ya Kaunta, barafu hadi juu, malizia na soda ya maji. Wageni wakija Iftari wanaomba tena.

#26 Nyagi_Asilia
Hiyo ya miwa ukiongeza ramu nyeupe...

#27 Mpemba_Asiyekunywa
Nilijua tu. Ongeza kwako, usije nayo Forodhani.

#28 Dada_Vipimo
#26 kimahesabu yuko sawa lakini. Ramu, ndimu, sukari ni daikiri, ya Kuba, imepewa jina la sehemu iitwayo Daiquirí karibu na Santiago. Vitu vitatu tu. Kokteli nyingi za nyumbani ni mfupa uleule: kikali, kichachu, kitamu. Badilisha ramu kwa wiski na ndimu kwa limau, umepata wiski saua (whiskey sour). Ukiuelewa mfupa huo mmoja huna haja ya kukariri majina mia.

Na msisahau punje chache za chumvi. Zinapunguza uchungu wa ganda. Hazitakiwi kusikika.

#29 Kijana_wa_Moshi
Mimi nina vitu vitatu tu na sijawahi kulalamikiwa. Vodka, ndimu, Stoney Tangawizi. Huko Marekani inaitwa Moscow Mule na wanakunywa kwenye vikombe vya shaba. Inasimuliwa ilizaliwa Los Angeles miaka ya 1940, mmoja alikuwa na vodka isiyouzika, mwingine soda ya tangawizi imemjazia stoo. Hapa kwetu Stoney ipo kila duka, hakuna kuponda, hakuna kijiti, hakuna ugomvi wa Bongo na Kenya.

#30 Msee_wa_Langata
Stoney na vodka si kokteli, ni chaser imekosa adabu. Lakini nitakubali glasi moja.

#31 Fundi_Kibao
Kwa wenye bajeti ndogo, gongo (pombe kali ya kienyeji) ile safi ya mapera ukiweka ndimu na asali hutofautishi. Ndimu inaua sumu yote.

#32 Nesi_wa_Zamu
#31 HAPANA. Tatizo la gongo ni kwamba hujui kilichomo. Ikiwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ndimu haiiondoi, asali haiiondoi, na huwezi kuionja. Watu wanapofuka na kufa. Kinachofanywa na ndimu na asali ni kuficha ladha mbaya ambayo ingekuzuia. Mod naomba #31 aonywe.

#33 Fundi_Kibao
Nilikuwa natania dada.

#34 Mchungu_Kwelikweli
Tangu viroba vya pombe vipigwe marufuku 2017 watu wamekuwa wabunifu sana.

#35 Mchanganyaji_Kinondoni
Wakuu nimerudi. Jana nilitengeneza aina mbili kwa wakati mmoja, ya Kaunta ya shira na ya Msee ya kijiti (sina kijiti, nimetumia mpini wa mwiko mdogo, msianze). Ndimu za kienyeji, nimetoa mbegu na ule uzi mweupe, barafu ya mfuko, vodka 50 kwa kijiko.

Uchungu umekwisha kabisa, Muheza ubarikiwe. Ya shira ni laini kama ya hoteli. Ya kijiti ilianza kali lakini kufika nusu nikaona ndiyo nilikuwa naitafuta. Mke wangu kasema ya shira ndiyo yenyewe, ya mwiko ni ujinga. Rafiki yangu akasema zote zina vodka kidogo.

#36 Msee_wa_Langata
Nusu ya glasi ulifika nyumbani. Karibu Nairobi.

#37 KauntaYaNyuma
Mke wako anaijua ladha. Msikilize.

#38 Ankal_Houston
Ulitumia sukari gani? Au kwenye ya shira hukuweka kabisa?

#39 Mchanganyaji_Kinondoni
Ya shira sikuweka. Ya mwiko niliweka kijiko kimoja cha chai na asali kijiko kimoja.

#40 Ankal_Houston
Basi hujazilinganisha mkuu, utamu wake ni tofauti. Rudia na utamu uleule.

#41 Mchungu_Kwelikweli
Hawa ndio wanaotufanya tulewe kwa jina la utafiti.

#42 Muheza_Ndimu
Kabla hajarudia, asali ni ya wapi? Ya Tabora ya miombo ni nzito na ina moshi kidogo, siyo sawa na ya dukani ya kwenye chupa ya plastiki. Nyingine dukani ni sukari guru iliyotiwa rangi.

#43 Mchanganyaji_Kinondoni
Ya Tabora, mama mkwe kaileta.

#44 Dada_Vipimo
Umetia asali ya mama mkwe kwenye vodka? Na anajua?

#45 Mchanganyaji_Kinondoni
Aliuliza tu mbona inaisha haraka. Nimemwambia ni dawa.